Mwanakhamisi Watatu, Faili Moja

Madaktari walipanga kuiondoa sauti ya bibi yangu Jumatatu. Kazi ya kuihifadhi kabla haijaondolewa nikapewa mimi, Nusrat, mtu ambaye ukoo mzima unajua siwezi kuhifadhi hata kifuniko cha chupa ya chai.

Tusiwasingizie madaktari. Walichosema ni kwamba Bibi ana uvimbe kooni, umekaa palepale sauti inapotokea, na uvimbe ukitolewa sauti inaondoka nao, hairudi tena. Kulikuwa na kambi ya madaktari bingwa kwenye hospitali moja ya misheni upande wa Iringa, na Bibi alipata nafasi. Basi Idd ya mwaka huu tulijaa nyumbani kwake hapa Mbeya, Majengo, kuanzia Baba Mkubwa Isihaka aliyetoka Iringa na wanawe, mpaka watoto ambao majina yao nilikuwa nayajua nusunusu. Kila mtu alitakiwa aseme neno kwenye simu yangu, ibaki kumbukumbu. Sauti sitini na nne. Wengine walisoma dua, wengine waliimba, mjomba mmoja akatumia nafasi hiyo kutangaza duka lake la viatu mpaka akataja na mtaa.

Bibi alikuwa na lake. Siku ya pili ya Idd aliniita chumbani, sauti yenyewe tayari inakwaruza kama redio yenye betri iliyochoka.

"Hiyo simu yako inaweza kukaa muda gani bila kukatika?"

"Kuliko wewe, Bibi."

"Nitakuchapa." Akanyoosha kanga mapajani. "Nataka kumwambia kila mmoja wenu la kwake. Kuanzia Isihaka mpaka wewe. Nikishakatwa ndiyo mtasikiliza, mkiwa mmekusanyika, na mimi nikiwepo nione nyuso zenu. Kabla ya hapo asisikilize mtu. Umenielewa?"

"Hata kipande changu tu?"

"Hasa kipande chako."

Nikabonyeza, akanitoa nje. Nilikaa barazani dakika arobaini na mbili nachambua mchele, nasikia kwa mbali sauti inapanda, inashuka, inakohoa, inanyamaza, inaendelea tena. Neno hata moja sikulinasa, na nilijitahidi. Kuna mahali alicheka peke yake. Nikasema hapo kafika kwangu, hapo hakuna mwingine.

Alipomaliza alifungua mlango mwenyewe, jasho limemtoka kama aliyetwanga.

"Sasa uziweke vizuri hizo sauti. Na uandike majina ya watu. Sitaki Kadogo, sitaki Ticha, sitaki Bonge. Mtu amechinjiwa akika kwa jina lake, aitwe kwa jina lake."

"Hata Bonge?"

"Bonge anaitwa Idrisa. Jina la babu yako hilo. Liheshimu."

Jumamosi wakampeleka Iringa. Jumatatu wakamkata. Jumanne mimi nikafanya nilichofanya.

Kwanza mniruhusu niwaambie habari za kaka yangu Rayyan. Ni mtoto wa Baba Mkubwa, yuko chuo palepale Iringa, anasoma mambo ya kompyuta, na ni mtu makini kiasi kwamba akivuka barabara ya njia moja anaangalia pande zote nne. Mimi nilimaliza kidato cha nne, matokeo tuyaache yalale, sasa hivi nauza stationery hapa mjini: kutoa kopi, kuchapa barua za kuomba kazi, kubandika picha za pasipoti. Laptop yangu ilikuwa imeuawa na virusi vya flashi za wateja. Rayyan akaja likizo, akaifuta yote, akaiwekea Linux, akasema hii virusi vitaisikia kwenye redio tu.

Halafu akaanza kunifundisha, yeye Iringa mimi Mbeya, kwa WhatsApp. Akanifungulia lile dirisha jeusi lisilo na picha wala kitufe, kuna kimstari kinapepesa tu, kama mwalimu wa zamu anayesubiri ujitaje.

"Sasa nabonyeza wapi?" nikamuuliza siku ya kwanza.

"Hubonyezi. Unaandika amri."

"Mimi nimezoea kompyuta ya kubembeleza kwa kipanya."

"Hii haibembelezwi. Unaiamrisha, inatekeleza. Ukiiamrisha ujinga, inatekeleza ujinga."

"Kumbe ni kama wewe kwa Baba Mkubwa."

Akanitumia kikatuni cha mtu aliyekasirika, lakini somo likaendelea. Nikajifunza kuandika `ls` nione kilichomo, `cd` niingie folda nyingine, `cp` nitoe nakala, `mv` nihamishe. Akaniambia `mv` hiyohiyo ndiyo inayobadili jina la faili, maana kwa Linux kubadili jina ni kuhama tu, unatoka jina la zamani unaingia jipya. Nikasema kama wanawake wanavyoolewa. Akasema niache utani, nikasema sawa, nikaendelea.

Baada ya wiki tatu tukafika kwenye skripti. Skripti ni barua ya maagizo: unaandika amri zako kwenye faili moja, moja chini ya nyingine, kisha unaiambia kompyuta soma. Inasoma toka juu mpaka chini bila kupumua, inafanya kila ulichoandika, na haikuulizi kama una akili timamu.

Zile sauti zilikuwa zimeshahamia kwenye laptop. Simu ilikuwa imejaa, nikazikata zote simuni nikazibandika kwenye kompyuta, na nafasi iliyopatikana nikaijaza siku hiyohiyo kwa video za watoto wakicheza siku ya tatu ya Idd. Nilijiona mjanja. Ila zilikuwa na majina ya kishamba ambayo simu inajitungia yenyewe: sauti001, sauti002, mpaka sauti064. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kusikiliza. Baba Mkubwa alishapiga simu mara mbili kuuliza kama nimeandaa.

"Njia za kubadili majina sitini na nne," akasema Rayyan ile Jumanne mchana, yuko kwenye simu, "ni mbili. Moja, kwa mkono, kama mtu anayemenya njegere. Ya pili?"

"Skripti."

"Haya. Utaandika orodha. Kila mstari jina la faili, nafasi, jina la mtu. Jina moja tu kwa kila mtu, usiweke la baba. Ukiweka nafasi katikati ya majina, `mv` itachanganyikiwa."

"Na majina yawe ya akika. Bibi ameagiza."

"Sawasawa. Na kabla hujaiendesha kweli?"

"Naweka `echo` mbele, inaniambia itakachofanya bila kukifanya."

"Umeiva wewe."

Nilifurahi, siwafichi. Nikaandika orodha yangu yote, mteja mmoja akaja kutaka kopi ya cheti nikamwambia mashine ina joto. Kisha nikaandika skripti, mistari minne, midogo, mizuri:

while read faili jina
do
  echo mv $faili.m4a $jina.m4a
done < orodha.txt

Yaani: chukua mstari mmoja wa orodha, neno la kwanza ni faili, neno la pili ni jina la mtu, badili, nenda mstari unaofuata, mpaka orodha iishe. Nikaiendesha. Mistari sitini na nne ikamwagika kwenye dirisha jeusi. Sikuwa na haraka, nikaisoma yote, kidole kwenye kioo. sauti003 inakwenda kuwa Mwanakhamisi. Sawa. sauti011 inakwenda kuwa Isihaka. Sawa. sauti019 Mwanakhamisi. Sawa. sauti027 Idrisa, sauti030 Isihaka, sauti041 Mwanakhamisi. Sawa, sawa, sawa.

Sikuona kitu. Na ningeonaje? Kwetu mtoto anapewa jina la mkubwa wake, na akishapewa anakuwa somo yake, wanaitana hivyo, wanapeana zawadi, wakigombana hasuluhishi mtu. Bibi ni Mwanakhamisi. Binti mkubwa wa Baba Mkubwa, ambaye ni mwalimu Chunya na sote tunamwita Ticha, ni Mwanakhamisi. Kadogo, mtoto wa kaka yangu wa tumbo moja, miaka minne, ni Mwanakhamisi. Orodha ya ukoo wetu ikikosa Isihaka wawili na Mwanakhamisi watatu, hapo ndipo ningeshtuka, ningedhani nimechukua orodha ya jirani.

Nikapiga picha kioo, nikamtumia Rayyan. Yeye anayeangalia pande nne. Akakaa nayo dakika tano nzima.

"Iko safi," akajibu. "Toa `echo`. Iendeshe."

Nikatoa, nikaiendesha. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Haikulalamika, haikuuliza, haikusema hongera. Kimstari kikarudi kupepesa.

Nikaiagiza ihesabu mafaili, kwa kujionyesha tu. Ikasema hamsini na moja.

Nikaiagiza tena. Hamsini na moja. Nikahesabu mwenyewe kwa kidole, nikapata hamsini, nikarudia nikapata hamsini na moja. Isihaka mmoja. Idrisa mmoja. Mwanakhamisi mmoja.

Nikafungua huyo Mwanakhamisi mmoja, nikaweka sikio kwenye spika.

"Moja, mbili, tatu, nne," ikasema sauti ya Kadogo, "tano, sita, saba, nane, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na nne, kumi na nane. Nimemaliza. Nipe biskuti."

Sekunde kumi na tisa. Nikasubiri baada ya biskuti, labda Bibi yuko nyuma yake. Hakuwepo.

"Rayyan," nikasema kwenye simu, "hiyo `mv` ikikuta kuna faili lina jina hilohilo, inafanyaje?"

Nikasikia anasukuma kiti nyuma.

"Inalikalia," akasema. "La zamani linakwenda. La mwisho ndilo linalobaki."

"Haiulizi?"

"Ukiiongezea `-i` ndiyo inauliza. Hatukuweka."

"Kwa hiyo Ticha alimkalia Bibi, halafu Kadogo akamkalia Ticha."

"Nusrat."

"Rudisha basi. Kuna amri gani ya kurudisha?"

"Hakuna."

"Kapu la taka?"

"`mv` haipiti kwenye kapu la taka."

"Acha masihara, Rayyan, leo mimi sitanii."

"Nakala ulitoa? `cp`, kabla ya kuanza, ulitoa?"

`cp` naijua tangu wiki ya kwanza. Naijua vizuri sana. Mtu ninayeshinda natoa kopi za vyeti vya watu kutwa nzima, kopi ya Bibi sikuitoa.

"Zima laptop," akasema Rayyan. "Sasa hivi. Usifungue kitu, usihifadhi kitu. Lilipokuwa faili pamebaki, ila kompyuta inapahesabu ni uwanja mtupu, chochote kipya kinaweza kujenga pale. Zima."

Nikazima. Nikakaa mbele ya kioo cheusi, najiona sura yangu. Sauti yenyewe ya kurekodi upya ilikuwa imeshakatwa jana yake, saa nne asubuhi, na Baba Mkubwa alituma ujumbe kwenye kundi la familia kwamba tumshukuru Mungu, imeenda salama.

Jumatano nikaenda Mwanjelwa kwa Isakwisa, fundi wa simu, kijana wa Tukuyu anayeongea na simu kama daktari wa watoto. Nikampa simu nikamwambia atafute kilichokuwemo kabla sijakikata. Akaichomeka kwenye mashine yake, akaiacha inatafuta mimi nikisimama kaunta kama mtu anayesubiri majibu ya damu.

"Ulivyokata, uliweka kitu kingine juu yake?" akauliza.

"Video."

"Nyingi?"

"Idd tatu nzima."

"Ndaga," akasema kwa Kinyakyusa, yaani asante, kwa upole, kama anayetoa pole. Akanigeuzia kioo. Vilivyofufuka ni picha tisa, zote za mbuzi wa Idd, katika hatua mbalimbali za maisha yake. Sauti hakuna.

"Mbuzi simtaki, Isakwisa."

"Ndiyo aliyebaki, dada."

Alhamisi nikapanda basi la asubuhi kwenda Iringa, laptop imezungushiwa kanga mapajani kama mtoto mchanga. Mama mmoja wa siti ya pili akauliza ana miezi mingapi. Siku nyingine ningempa jibu lingemfikisha Mafinga anacheka. Nilimwambia ni kompyuta, shikamoo, nikageukia dirishani. Malori ya mbao yalikuwa yanapita, nikayahesabu mpaka nikachoka.

Rayyan alinipokea stendi. Akaipeleka laptop chumbani kwake, akaiwasha kwa flashi maalumu ili diski isiguswe, akaanza kupekua. Siku mbili. Ijumaa alitoka kuswali tu akarudi. Mimi kazi yangu ilikuwa kupeleka chai na kuuliza "vipi" mpaka akaniomba nisiulize.

Ijumaa alasiri akaniita.

"Nimepata mwanzo wake," akasema.

"Dakika ngapi?"

"Sekunde saba."

"Na zilizobaki?"

"Pameshajengwa. Siku ileile ya Jumanne kompyuta ilikuwa inajisasisha yenyewe, inashusha mafaili yake mapya. Imeyaweka palepale."

"Nani aliiambia ijisasishe yenyewe?"

Akavua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

"Mimi," akasema. "Ili uwe salama."

Tulikaa pale wawili, mjanja na makini, na sekunde saba.

Jumamosi saa sita, muda wa kuona wagonjwa, tukaingia wodini mimi na Rayyan; kitanda kimoja kiliruhusiwa wageni watatu tu. Baba Mkubwa alishafika, amevaa kanzu ya Ijumaa, ameleta spika ndogo ya kuchaji ili tusikie wote vizuri. Bibi alikuwa amekaa na mito mgongoni, shingo imefungwa bandeji yenye kitundu na kibomba cha kupumulia. Alituona akapiga makofi mawili bila kutoa sauti nyingine.

Kitanda cha pili alikuwepo Mama Verediana, mkulima wa huko Tosamaganga, mguu juu.

"Kamwene, wanangu," akatusalimu kwa Kihehe. "Mjukuu ndiyo wewe? Bibi yako kanichorea kutwa kwamba mnakuja na hotuba yake."

"Kachora, mama?"

Akaonyesha kwa kidevu. Mapajani mwa Bibi kulikuwa na daftari. Bibi hakusoma shule ya serikali, alisoma chuo cha Kurani tu, kwa hiyo Kiswahili anakiandika kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, kama mama yake alivyomfundisha. Manesi siku mbili za kwanza walidhani mgonjwa anachora maua. Aliomba maji, nesi akamsifia.

Baba Mkubwa akaweka spika mezani, akakohoa, akakaa. Alikuwa na lake la kusikia, alionekana tu. Mtu mzima wa miaka sitini ameweka mikono magotini kama mtoto anayengoja kuitwa.

"Haya, Nusrat. Washa."

Nilikuwa nimeandaa utani wa kuanzia. Niliufanyia mazoezi njia nzima. Nikauacha, nikaunganisha laptop na spika.

Nikawasha.

"Ishaanza?" ikasema spika, sauti ya Bibi, inakwaruza, nzima. "Haya toka nje, we mtoto. Na mlango uufunge."

Kikatika.

Bibi alikuwa ameinua kidole, anasubiri sentensi inayofuata. Baba Mkubwa naye.

"Endelea," akasema.

"Ndiyo mwisho, Baba Mkubwa."

"Mwisho wa nini?"

"Wa yote. Nimezipoteza. Niliandika jina la Bibi, na la Ticha, na la Kadogo, majina yao yale ya kweli, yakawa faili moja. Kompyuta ikabakiza la mwisho."

Rayyan akasema, "Na mimi nilikagua, baba. Nikasema iko safi."

Baba Mkubwa alitutazama mmoja mmoja. Heri angetukana. Aliangalia ile spika yake ya kuchaji, akaigeuza, akaizima, akaiwasha tena, labda ilikuwa na kosa yenyewe.

"Kwa hiyo aliyebaki ni nani?" akauliza hatimaye.

"Kadogo. Anahesabu."

"Mpaka ngapi?"

"Kumi na nane. Ameruka namba nne."

Mama Verediana akasema "Yesu wangu" polepole, kisha akajifanya anarekebisha blanketi.

Bibi aligonga daftari kwa kalamu ili tumtazame. Hakuwa amekasirika, au kama alikuwa, sijui hasira isiyo na sauti inakuwaje, sikuwahi kuiona kwake. Alimwita Baba Mkubwa kwa kidole. Akaandika, taratibu, mistari mitatu. Ilimchukua muda ambao angetumia kutusema wote na kumaliza na salamu. Baba Mkubwa akainama akasoma, midomo inacheza. Akasoma tena. Kisha akachana ule ukurasa kwa uangalifu, akaukunja mara nne, akautia mfuko wa kanzu, akatoka nje bila kuaga. Alipata la kwake, au nusu yake, au robo. Dakika ngapi za ile sauti zinaingia kwenye mistari mitatu, mimi sijui.

Bibi alipumua kwa kibomba mara kadhaa. Nesi akapita akasema mgonjwa asichoke. Bibi akamfukuza kwa mkono, akaanza kumwandikia Rayyan. Mstari mmoja. Rayyan alisoma, akaitikia kwa kichwa, hakuinua uso tena.

Nikabaki mimi.

Nikavuta stuli mpaka goti langu likagusa kitanda. Nilitaka kuomba radhi, na nilishaomba kwenye basi mara mia, lakini kilichotoka si hicho.

"Bibi," nikasema, "na mimi uliniambia nini?"

Akaishika kalamu. Akaangalia juu kwenye dari, halafu dirishani ambako kulikuwa na kanga zimeanikwa uani, halafu akaniangalia mimi, usoni, kwa muda mrefu, jicho moja amelifinya kidogo kama mtu anayetafuta uzi kwenye tundu la sindano. Kalamu ikagusa karatasi, ikainuka. Ikagusa tena. Mwisho akaandika neno moja, akanigeuzia daftari.

Herufi hizo nilifundishwa madrasa, nikaziacha nina miaka kumi na miwili. Ilibidi nisome kwa kidole, nikianzia kulia, sini, kafu, mimu, kwa sauti, kama mtoto.

"Si-ku-mbu-ki."

Nikadhani nimesoma vibaya. Nikarudia. Akatikisa kichwa kwamba ndiyo, nimesoma sawa. Akalivuta daftari, akaongeza chini yake.

"Yalikuwa mengi."

Kisha akaishusha kalamu juu ya blanketi, akaendelea kunitazama, kana kwamba mimi ndiye ninayeweza kumkumbusha.